Mnamkagua mzee mlangoni, kijeba keshapita

Tangu kipa Denis Onyango arudi Cranes, timu yetu ya taifa ya Uganda, hapa kijiweni kwetu Busia haipiti siku bila mtu kumuongezea miaka. Jamaa aliaga timu ya taifa Aprili 2021, akakaa pembeni miaka minne na kitu, afu kocha Paul Put akamuita aende AFCON ya Morocco mwishoni mwa 2025 akiwa na miaka 40, na badala ya watu kuuliza inakuwaje nchi ya watu milioni 45 inamrudia kipa aliyeanza kudakia Cranes katikati ya miaka ya 2000, wao wakaanza kuhesabu vidole. Huyu anasema ana 44. Yule wa boda anasema 47, na ukimuuliza ametoa wapi anakuangalia kama wewe ndo una shida. Siku ile ya Nigeria, tuliyolambwa 3-1 na tukatumia makipa watatu mechi moja, nilisikia hadi 50 kwenye kibanda cha video, na mtu aliyeitaja alikuwa amelipia kiti chake kwa hiyo hakuna wa kumnyamazisha. Halafu wanamalizia na ile methali yao, lisemwalo lipo na kama halipo laja.

Mimi nasema hapana, na nauweka msimamo wangu mapema mtu asije akasema nimemzungusha. Uongo wa umri kwenye michezo upo, tena mwingi, na sisi Afrika tumeshikwa nao mara nyingi kiasi cha kuona aibu. Lakini uongo huo ni bidhaa ya mwanzo wa safari. Unauzwa mtoto akiwa na 15, 16, 17, pale miaka miwili inaweza kuwa tofauti ya kubebwa au kuachwa. Mtu wa 40 hana wa kumuuzia. Kwa hiyo kila tunapomshika mkongwe na kumpigia hesabu za miaka, tunakagua mlango ambao hakuna anayepita na magendo, na wale wanaopita nayo wako mlango wa pili wanacheka. Na sisi wa Busia, watu wa mpakani, jamani, kuhusu milango na magendo si tunajua.

Tuanze na karatasi, sababu hapo ndipo watu wengi wanachanganya vitu viwili: kutojua umri na kudanganya umri. Onyango kwenye rekodi amezaliwa 15 Mei 1985. Rudisha akili nyuma kidogo uangalie Uganda ya siku hizo, vita ya Luwero inaunguza, miezi miwili tu baadaye, 27 Julai, Obote anaangushwa mara ya pili, na Januari 1986 waasi wa NRA wanaingia Kampala. Sisemi yeye hana cheti, hiyo siijui na si kazi yangu kuijua. Nasema kizazi chake kizima kilizaliwa wakati ambapo mzazi alikuwa anatafuta chumvi na njia ya kukimbilia, sio dawati la kuandikisha vizazi. Na msidhani hali ilinyooka haraka baada ya hapo. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2011, miaka 25 ya amani baadaye kwa sehemu kubwa ya nchi, ulikuta watoto walioandikishwa chini ya miaka mitano ni kama asilimia 30 tu. Yaani hata mtoto aliyezaliwa juzi juzi, wa kuingia U-17, timu ya chini ya miaka 17, sasa hivi, uwezekano mkubwa ni kwamba tarehe yake iliandikwa baadaye na mtu mwingine, kwa kumbukumbu ya mama, kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo, au kwa makadirio.

Wazee wetu walikuwa na hesabu zao lakini hazikuwa za kalenda ya ukutani. Angalia majina ya wakimbiaji wetu wa Sebei. Kiplimo ni mtoto aliyezaliwa wakati ng'ombe wanatoka kwenda malishoni, Kiprotich ni yule aliyezaliwa ng'ombe wakirudi. Jina linakupa saa, vizuri kabisa, asubuhi au jioni, ila mwaka halikupi! Ukishuka Mbale kwa Wagisu unakuta hesabu nyingine, imbalu, ambayo inafanyika miaka inayogawanyika kwa mbili, na mzee akitaka kujua we ni rika gani anakuuliza ulitahiriwa mwaka upi. Hiyo ni rekodi nzuri kuliko wengi wanavyofikiria, sababu mtu anatahiriwa hadharani kijiji kizima kikiona, huwezi kuikana. Lakini nayo haisemi ulizaliwa lini, mmoja anasimama na miaka 16 na mwenzake siku hiyohiyo anasimama na 22. Wengine waliwekwa kwenye matukio, huyu wa mwaka Wahindi walipofukuzwa, yule wa mwaka Akii-Bua alipoleta dhahabu ya Munich, na ni bahati tu kwamba hayo mawili yote ni 1972. Mimi mwenyewe 2014 kwenye lile zoezi la vitambulisho mama alisema nilizaliwa msimu wa kuvuna mtama, karani akaniangalia, akaandika Januari mosi, akaita anayefuata. Nina kitambulisho halali cha serikali chenye tarehe ambayo mama yangu hajawahi kuisikia. Je mimi ni mdanganyifu?

Sasa upande wa pili, na nauchukulia kwa uzito wake. Anayeshuku hashuku hewa. FIFA mwaka 1989 iliwafungia Nigeria mashindano yote ya vijana kwa miaka miwili baada ya tarehe za wachezaji watatu kutofautiana na zile zilizowasilishwa mashindano ya nyuma. Mwaka 2018 hapa hapa kwenye ukanda wetu, mashindano ya CECAFA ya U-17 kule Burundi, Zanzibar walirudishwa nyumbani kwa kupeleka vijeba, yaani waliozidi umri. Januari 2023 Cameroon walipima kikosi chao cha U-17, wachezaji 21 kati ya 30 wakafeli kipimo cha MRI, ikabidi kocha aanze kusaka watoto upya siku chache kabla ya mashindano. Ishirini na moja kati ya thelathini, hiyo si ajali ya karani. Na sio mpira peke yake wala Afrika peke yake. Shahid Afridi, mchezaji cricket wa Pakistani, alishangaza dunia 1996 kwa kupiga mikimbio mia kwa mipira 37 akiwa mtoto wa miaka 16, basi 2019 kwenye kitabu chake mwenyewe akasema alizaliwa 1975, sio 1980 kama rekodi zilivyosema, kwa hiyo ule utoto wa 16 ukayeyuka. Kwa hiyo mtu akiniambia "kaka, tumedanganywa sana, acha tushuku," namuelewa.

Ila soma tena hiyo orodha taratibu. Nigeria, timu za vijana. Zanzibar, vijana. Cameroon, vijana. Afridi, uongo ulianza akiwa kijana na ulimlipa akiwa kijana, na aliyekuja kuufumua ni yeye mwenyewe akiwa ameshamaliza cricket ya kimataifa. Uongo unapandwa pale unapoota.

Na unaotaje hapa kwetu? Kila aliyepita sekondari Uganda anajua, hata kama hataki kusema kwa sauti. Kuna mashule yanajengwa jina kwa mpira wa sekondari, na ukichukua kombe mwaka huu, Januari wazazi wanapanga foleni na ada mkononi. Mtoto wa kijijini mwenye mguu anapewa bursari, anakula, analala, anavaa viatu ambavyo nyumbani asingevipata. Shida ana 19 na mashindano yanataka wa chini ya umri fulani. Mtoto hana ofisi, hana muhuri, hana pa kuandikia barua. Mtu mzima ndo anaandika. Anatafutiwa jina la mdogo wake au la jirani aliyeacha shule, barua ya mwenyekiti wa LC1, yule wa kijiji, inapatikana, fomu inajazwa, na siku hiyo kijana anazaliwa upya. Mimi niliona moja ya hivyo kwa macho nikiwa S.3, kidato cha tatu, mshambuliaji wetu aliitwa jina moja darasani na jina lingine uwanjani, sisi washangiliaji tulikuwa tunafundishwa lipi la kupigia kelele. Shule siitaji. Alichofaidi yeye ni ugali na maharage ya miaka miwili na godoro, kombe lilibaki kwenye kabati la ofisi.

Baada ya hapo ndo mtego unakaza. Ile tarehe ya fomu ikishaingia kwenye pasipoti haitoki kirahisi, na tangu vitambulisho vya taifa vije imekuwa ngumu zaidi, maana ile NIN yako, namba ya kitambulisho, yenyewe imebeba mwaka, CM au CF afu tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa, kila mtu anayekuona na kitambulisho anausoma, kuanzia wa benki hadi wa mobile money. Kijana akitaka kurekebisha leo lazima aapishwe, alete vielelezo, aeleze kwa nini alisema vile mwanzo, na akieleza ukweli anaweza kufungiwa na shirikisho. Kwa hiyo ananyamaza. Anatembea na umri mara mbili, wa mwili na wa karatasi, hadi anastaafu. Hao wapo, siwakatai. Lakini ona kinachowatokea.

Aliyekata miaka mitano akiwa na 21 akaandikwa 16, anang'aa haraka sababu anacheza na watoto. Karatasi ikifika 22 mwili una 27, hapo yuko kileleni na dunia inasema kijana ana miaka kumi mbele yake. Karatasi ikifika 28 mwili una 33, magoti yanalia, kasi imeondoka, waandishi wanaandika sijui amepotelea wapi, sijui pombe, sijui wanawake, kumbe jamaa kazeeka tu kama binadamu yeyote. Hiyo ndo alama ya kijeba kama unaitafuta: kuwahi kung'aa na kuwahi kuzima. Sasa mtu anayedumu hadi karatasi yake inasoma 40 ni kinyume kabisa cha hiyo alama. Ukimuongezea mitano maana yake umesema alikuwa kipa wa kiwango cha Afrika akiwa na 36 pale 2016, mwaka aliochukua ligi ya mabingwa ya CAF na Mamelodi Sundowns na kuwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, kipa wa kwanza kuipata hiyo tuzo, na bado yuko golini na 45. Inawezekana? Ndio, Essam El Hadary wa Misri alidaka kombe la dunia 2018 akiwa na 45 na penalti akaokoa. Lakini kumbuka ni yeye peke yake duniani aliyefika hapo. Mwenye uvumi anatuomba tukubali muujiza mkubwa zaidi ili tukwepe mdogo, maana kipa wa 40 si ajabu hivyo, Dino Zoff alibeba kombe la dunia 1982 na 40 yake akiwa nahodha. Kipa hakimbii kilomita kumi, kipa anasoma mchezo, na kusoma kunaongezeka na umri.

Najua kuna mwenye akili atanijibu, sawa, hiyo ni kipa, na wakimbiaji je? Hata Eliud Kipchoge, ambaye rekodi inasema Novemba 1984, huko mitandaoni haachwi. Hoja yao ni kwamba alimaliza wa kwanza Paris 2003 mita 5,000 mbele ya El Guerrouj na Bekele akiwa na 18, na mtoto hawezi. Kwanza, mtoto anaweza, Jacob Kiplimo wetu alikimbia Olimpiki ya Rio 2016 akiwa na 15. Pili na kubwa zaidi, mtu akivunja rekodi ya dunia ya marathon Berlin 2022 na karatasi inasema 37, wewe ukasema alikuwa 41, humpunguzii chochote, umemuongezea. Uvumi wa kuzeesha unamgeuza mkongwe kuwa jitu, lakini wanaoueneza wanaona wamemchafua, na hapo ndo ninapojua kuwa hesabu haikufanywa.

Kuna hoja ya uso, nayo nitaimaliza haraka sababu ni dhaifu mno na ndiyo inayotumika mno. "Muangalie sura." Sura ya mtu aliyechunga jua la Karamoja, au kubeba matofali likizo ili apate ada, utailinganisha na ya nani, mtoto wa akademi ya Uholanzi anayepakwa mafuta? Joseph Minala wa Cameroon alipitishwa hapo 2014 pale klabu ya Lazio, Italia. Picha yake ilisambaa, wakasema ana 41, mtandao mmoja ukaandika hadi kwamba amekiri, yeye akakana, shirikisho la Italia likachunguza karatasi zake na kufunga faili kwamba hana kosa. Alikuwa kijana wa 17. Na mkitaka ushahidi mwingine chukueni kalenda: 2018 alikuwa anacheza kiungo Serie B na Salernitana, kwa hesabu ya wale waliocheka angekuwa na 45 anakimbizana na vijana Italia. Hakuna aliyerudi kumuomba radhi. Upara, mikunjo ya paji, ndevu, hivyo vyote vinatoka kwa babu yako na kwa jua, havitoki kwa msajili wa vizazi.

Hoja yenye nguvu kidogo ni ile ya "nilisoma naye." Mtu anakuja anasema mimi nina 46 na huyu tulikaa dawati moja, atakuwaje na 40. Hii siitupi, shahidi wa darasani ni shahidi. Ila Uganda ina kitu cha pekee ambacho kinaharibu ushahidi huo, nacho ni UPE. Januari 1997 serikali ilipofungua shule za msingi bure, idadi ya wanafunzi iliruka kutoka kama milioni tatu hadi zaidi ya milioni tano ndani ya mwaka mmoja, na hao waliongezeka hawakuwa wa miaka sita wote. Walikuja wa tisa, wa kumi na mbili, wengine wana sauti nzito tayari, wote P.1, darasa la kwanza, wamekaa chini na wale wadogo. Ongeza hapo waliorudia darasa, na waliokimbia vita kaskazini wakaanza upya kambini. Darasa la miaka ya tisini hapa kwetu linaweza kuwa na tofauti ya miaka saba. Kwa hiyo "tulisoma naye" kwetu inathibitisha kwamba mlisoma naye, basi.

Afu kuna wale wa "apimwe." Apimwe nini? Kile kipimo cha MRI ambacho FIFA ilianza kukitumia kombe la dunia la U-17 la Nigeria 2009 kinaangalia mfupa wa kifundo cha mkono, kama ile sehemu ya kukua imeshafunga au bado. Ikiwa imefunga kabisa, karibu hakika mwenye mkono huo amepita 17. Mwisho wake hapo. Hakisemi ana 18 au 38, ni kama kizuizi cha mlangoni ambacho kinajua kusema "wewe mkubwa, rudi," hakijui kuandika tarehe. Kwa mtu mzima hakuna mashine itakayokutofautishia 40 na 44 bila ubishi. Kwa hiyo uvumi wa mkongwe hauwezi kuthibitishwa wala kukanushwa, na ndo maana ni mtamu, unaweza kuutafuna miaka kumi bila mfupa. Wa kijana unaweza kupimwa Jumatatu na jibu likatoka wiki hiyohiyo. Tumechagua kupigia kelele ule usio na jibu.

Nikitaka kuona ukatili wa hii kitu naangalia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Dikembe Mutombo wa Kongo, jirani yetu huyo, alizaliwa Kinshasa Juni 1966, akaenda chuo cha Georgetown Marekani 1987 akitaka udaktari, akaishia kucheza misimu 18 hadi 2009 akiwa na 42, na miaka yake ya mwisho yote ilikuwa vichekesho, mara ana 50, mara alicheza na dinosari. Yeye alicheka nao, mtu wa moyo mkubwa, akajenga hospitali Kinshasa kwa jina la mama yake. Alifariki 2024 na 58. Halafu Manute Bol, Mdinka wa Sudan Kusini ya leo, huyo hakujua kabisa tarehe yake. Alipofika Marekani fomu zilitaka tarehe, na kocha wa chuo kule Cleveland alikuja kusema baadaye kwamba ni yeye aliyeitunga. Ile Oktoba 1962 inayosomwa hadi leo ilitoka kichwani mwa Mmarekani. Nani alidanganya hapo? Bol alikuwa mkweli, alisema sijui. Fomu ndo haikuwa na kisanduku cha "sijui."

Nakubali sehemu moja ambayo mkongwe anaweza kumuumiza mtu, nayo ni mkataba. Klabu ikimnunua wa 28 kumbe 31, imelipa pesa ya miaka ambayo haipo. Mrushaji wa besiboli aliyejulikana Marekani kama Fausto Carmona alikamatwa Santo Domingo Januari 2012, ikaonekana jina lake ni Roberto Hernández na ana miaka mitatu zaidi, mkataba wake ukapungua thamani. Hiyo ni haki ya klabu na wana mawakili. Lakini Cranes haikununua mtu, na kipa aliyeitwa kwa dharura akiwa na 40 hakuitwa kwa ajili ya miaka kumi ijayo. Swali halali juu ya Onyango ni moja, anadaka au hadaki, na hilo tulipaswa kulibishania kwa mechi, krosi alizotoka, mabao aliyofungwa, na kwa nini waliokuwa nyuma yake miaka hii minne hawakutulia hata mmoja kwenye ile nafasi. Tumelikwepa sababu linamgusa FUFA, shirikisho letu la mpira, kocha wa makipa na klabu zetu. Umri ni rahisi zaidi, hauna mtu wa kumjibu. Na wenzetu wa siasa wanajua hii mbinu, nchi hii ilirusha viti bungeni 2017 kwa ajili ya ukomo wa umri wa rais, wa mtu mmoja, Desemba hiyo kifungu kikaondolewa, na mjadala wa nini kinafanyika ndani ya huo muda ukasahaulika njiani.

Sasa angalia wakati tunabishana haya nini kilikuwa kinaendelea. Novemba 2025 vijana wetu wa U-17 walikuwa Qatar kombe la dunia kwa mara ya kwanza, wakaipiga Ufaransa 1-0, wakafika 16 bora. Hao wanatoka kwenye mashindano ambayo CAF inalazimisha MRI, kwa hiyo wana kitu ambacho kizazi cha Onyango hakikupewa, mtu akiwaita vijeba kuna jibu la hospitali. Lakini kipimo kipo huko juu tu, kwenye timu ya taifa. Chini, kwenye mashindano ya wilaya na ya mashule, mlinzi ni fomu na muhuri. Na kila kijeba anayepita huko, kuna mtoto wa 14 wa kweli amekaa benchi, mdogo, mwembamba, anaambiwa arudi mwakani, na mwakani anaendesha boda. Huyo hatumjui jina, kwa hiyo hatumpigii kelele kijiweni.

AFCON 2027 inakuja hapa nyumbani, sisi na Kenya na Tanzania. Mei mwaka huo karatasi ya Onyango itasoma 42, umri uleule Roger Milla aliokuwa nao alipofunga bao kombe la dunia la 1994 kule Marekani, na kama atakuwa bado anacheza popote najua kabisa kijiwe kitasema 50. Waseme. Mimi muhula huu nimemuomba mwalimu wa michezo wa shule ya jirani aniruhusu nikae naye siku wanapojaza fomu za mashindano, nione tarehe zinatoka wapi. Kwanza alicheka. Baadaye akaniuliza nimetumwa na nani.